Vichwa vya Noti za Bibi Kuruthumu

Dunda, Bagamoyo
20 Julai 2025

Sabiha binamu yangu, mtaalamu wa bwenini,

Kabla hujafika mstari wa pili kaa vizuri, maana barua hii inatoka kwa Gavana. Gavana ni mimi. Kuanzia Dunda mpaka Kaole hakuna kiumbe anayezijua fedha za dunia kumshinda Mtoro wa Abdala. Ukimtoa yule wa Benki Kuu, ambaye naye sina hakika kama lira anaijua, basi nchi nzima niko peke yangu. Wazungu wanakuja mezani kwangu kuulizia pesa za kwao wenyewe! Juzi mmoja alitoka machozi. Alikuwa kala mishikaki ya pilipili, sawa, lakini machozi kayatolea mbele ya meza yangu.

Mchongo wenyewe uko hivi. Wafanyakazi wa mahoteli wananiletea noti za zamani wanazoziacha wageni kwenye droo. Mimi nakata kichwa cha mtu aliyechorwa, napiga lamineti, natoboa tundu, natia pete, mtalii ananing'inizia funguo zake. Kila kichwa nakipa hadithi yake. Tatizo ni kwamba hadithi nazitunga. Kuna mmoja wa Italia nilisema alikuwa mchezaji mpira hodari wa zamani. Mtaliano akanitazama mpaka nikaona haya, mimi, ambaye haya nilizaliwa nazo nikazirudisha.

Ndipo nikakukumbuka. Uko huko Tanga kidato cha tano, fizikia, kemia na baolojia, simu mmenyang'anywa getini kama mahabusu, kazi huna. Majina yameandikwa hivi: VOLTA. GAUSS. Na mke na mume kwenye noti moja, CURIE. Ni kina nani hawa, na kwa nini wakawekwa kwenye pesa? Sisi huku ukiondoa viongozi tumeweka simba, kifaru na tembo, na mambo yanakwenda. Tembo hajawahi kufeli hesabu.

Nijibu upesi, mke wangu wa utani. Nasikia ugali wa bweni umekunenepesha shingo tu, kwingine kote bado ufagio.

Mtoro, Gavana


Tanga
29 Julai 2025

Gavana wa meza,

Wa aleikum salaam, ijapokuwa salamu hukutoa. Barua yako nimewasomea wenzangu, wamecheka mpaka matroni kaingia na fimbo. Wanasema mtu aliyefeli kidato cha pili mara mbili na bado ana mdomo huu anastahili kuwekwa kwenye noti yeye mwenyewe, ila iwe ile ambayo dukani haipokelewi.

Haya, shika daftari kama bado unajua linashikwaje. Volta ndiye aliyetengeneza betri ya kwanza. Ile "volti" unayoisikia kwa mafundi wa bodaboda ni jina lake. Gauss ni Mjerumani wa hesabu. Tazama noti yake, utaona mstari ulioinuka katikati kama kengele. Maana yake watu wengi wako pale katikati, na wachache mno wako pembezoni. Wewe uko pembezoni, Mtoro, mkono wa kushoto kabisa. Curie na mumewe waligundua radiamu, na mionzi hiyo ndiyo iliyokuja kummaliza yule mama. Na wewe unamkata shingo ili Mfaransa asipoteze ufunguo wa chumba.

Kwa nini wamewekwa? Nimemwuliza Mwalimu Farhan wa fizikia, kasoma Ujerumani huyo. Anasema nchi huweka kwenye pesa yake kile inachotaka iaminiwe nacho. Hapo ndipo nilipoacha kucheka.

Bibi Kuruthumu hajambo? Ile Umra yake ya Desemba na kina mama wa Kaole, fedha zimetimia au bado anashonea kofia usiku kucha? Mpe shikamoo yangu, na mwambie akifika Makka dua ya kwanza aniombee mimi. Wewe asikuombee, atawachosha malaika bure.

Sabiha


Dunda
10 Agosti 2025

Sabiha shingo nene,

Umenitajirisha! Volta kaisha. Nikisema "huyu bwana ndiye aliyewasha simu yako" Wazungu wanachekelea na kutoa hela. Na wewe fungu lako lipo, nitakununulia mafuta ya nywele, ukipata nywele.

Bibi marahaba anakwambia. Safari bado ina pengo, kofia za vito anazozidarizi hazitoshi, lakini yeye hana wasiwasi hata kidogo. Anasema pengo lote liko ndani ya sanduku lake, Babu alimwachia. Kuna nini humo? Najua. Kaniita mimi, akafunga mlango, akanionyesha, akataka nimpe jibu kama mtu mwenye elimu ya mambo hayo. Kaniapisha nisimwambie mtu, na mimi siri ni siri, hata ukinibana na koleo.

Tuache hayo. Kuna mzee mwingine kanijia mezani. Ana ndevu, ana miwani, ni Mjerumani, nyuma yake pana darubini ile ya kutazamia vidudu. PAUL EHRLICH. Sasa sitaki mhadhara, nataka neno moja: huyu mzee yu hai, au kashakufa? Volta najua kashakufa, na kina Curie washakufa. Huyu ndiye simjui. Na usicheleweshe, kuna mtu anangoja jibu langu na mimi sikawii kutoa jibu, ndiyo sifa yangu.

Gavana


Tanga
21 Agosti 2025

Binamu,

Umetaka neno moja, nakupa: kashakufa. Kafa mwaka 1915, kazikwa, kaoza, kwisha. Swali gani hili kwa mtu mzima? Ulidhani yuko mahali anakunywa kahawa?

Mhadhara utaupata kwa lazima. Ehrlich alikuwa daktari. Alihangaika na rangi na sumu akitafuta kitakachoua vimelea vya malale, ugonjwa ule wa mbung'o, na katika kuhangaika huko akapata dawa ya kaswende, ndiyo iliyompa jina duniani. Babu Mwinyimvua angependa kumsikia. Si alimpikia na kumbebea vyandarua yule daktari Mjerumani wa mbung'o, kule nyika za Makurunge, miaka yote ile kabla mimi na wewe hatujazaliwa?

Mitihani imekaribia. Usiniandikie upuuzi tena mpaka nimalize.

Sabiha


Dunda
7 Septemba 2025

Sabiha,

Upuuzi siandiki. Naandika habari ya ushindi, tena utalia kwamba hukuwepo.

Juzi tumesoma Maulidi nyumbani kwa Bibi, Kaole. Ua umejaa. Shangazi Tabia yupo, kina mama wote wa Umra wapo, na Bi Mwanahija kiongozi wao kaja na kalamu yake kujua nani kakamilisha na nani bado. Tumeshaswali, tumeshakula pilau. Bibi akainuka, akaingia ndani, akatoka na bahasha. Akaiweka kwenye sinia mbele ya Bi Mwanahija kama anaweka mtoto mchanga. Akasema, "Marehemu mume wangu alipewa na daktari wake siku daktari anarudi kwao. Hakuzigusa hata siku ya njaa. Aliniambia, Kuruthumu, hii ni Makka yako."

Noti ishirini, Sabiha. Mzee wako wa ndevu na miwani, ishirini, wamelala chali!

Bi Mwanahija akageuza moja, akaniita, "Wewe si ndiye mjuzi wa vitu hivi?" Watu wote macho kwangu. Nikasimama. Nikakohoa kama shehe.

"Bibi," nikamwambia, "pole, lakini huyu kashakufa. Nimeuliza Tanga kwa wasomi, kafa tangu elfu moja mia tisa na kumi na tano. Umelala na maiti sandukuni miaka thelathini, hukusikia harufu?"

Ua ukalipuka. Nikaona hapa ndipo pangu. Nikaongeza, "Na mnajua sifa yake? Mzee wa kaswende! Babu kakuachia mzee wa kaswende umpeleke Makka, mtamtawafisha vipi?"

Wanawake walicheka mpaka kanga zikawavuka. Bi Mwanahija kamwaga kahawa. Shangazi Tabia alinitupia kijiko, lakini na yeye mabega yalikuwa yanamtikisika.

Bibi hakucheka. Akazitazama zile noti, akasema polepole, "Basi Mwinyimvua alidanganywa." Kidogo akasema tena, "Au alinidanganya mimi." Akamwambia Bi Mwanahija amfute jina. Kisha akanisogezea bahasha. "Kama ni maiti, kamzike wewe uliyemtambua."

Sasa ninao ishirini, bure. Karatasi nzuri ajabu. Nimeanza kukata ila mkasi wangu mbovu, unatafuna sikio.

Gavana, asiyekawia kutoa jibu


Tanga
14 Septemba 2025

MTORO WEKA MKASI CHINI.

Barua hii nampa kondakta Issa mkononi. Nimekupigia kwa simu ya matroni, hupatikani, na namba nyingine siikumbuki kwa kichwa.

Ulimwulizia mzee. Uliandika "yu hai au kashakufa", nami nikakujibu habari za mtu. MTU ndiye aliyekufa. Noti HAIJAFA. Noti ni I-ZI, ewe mjinga uliyelala darasa la tano! Ungeandika "i hai au imekufa" ningeelewa unaulizia pesa, ningekwenda kuuliza. Na ungesema ni za Bibi ningekwenda mbio, lakini uliona raha kuficha.

Nilipoisoma barua yako ya Maulidi nikamfuata Mwalimu Farhan nyumbani kwake. Kaniambia lira imekufa, faranga za Curie zimekufa, lakini mark ya Ujerumani haina siku ya kufa. Ilitoka madukani, ni kweli, lakini benki kuu yao inaipokea mpaka leo na inalipa euro. Noti ishirini za mia mbili ni zaidi ya euro elfu mbili. Hesabu mwenyewe, pengo la Bibi linaingia humo na linabaki. Mwalimu ana rafiki anakwenda huko mwezi wa kumi, atazibeba, atatuma fedha. Ila ziwe nzima. Iliyokatwa kwa makusudi hawailipi.

Babu hakudanganywa wala hakudanganya mtu. Daktari wa mbung'o alimpa noti za mzee aliyehangaika na malale, na Babu akaiweka amana kama ilivyo. Wewe mzee huyo wa noti umemwita wa kaswende mbele ya wageni wa Bibi.

Ulizokwisha kata basi. Zilizobaki zipeleke Kaole leo hii, na useme mbele ya watu wale wale uliowachekesha. Leo, Mtoro.

Sabiha


Dunda
21 Septemba 2025

Sabiha,

Salaam aleikum. Barua nimeipata Ijumaa jioni, Issa alichelewa nayo, unawajua makondakta. Bahati mbaya kubwa. Ijumaa asubuhi nilikuwa nimeshamaliza wote. Ningeipata siku moja kabla ningeokoa walau nusu. Simu yangu iliingia maji, ndiyo maana.

Sasa limeshatokea. Bibi mwenyewe yuko mzima, anashona, hata habari hiyo ameshaiacha. Mimi naona tusimwumize mara ya pili. Mtu mzima ukimwambia alikuwa nayo na haipo tena, faida gani? Na tukubali, kosa lina wawili hapa. Mimi niliuliza, wewe ukajibu kwa madaha yako ya kisomi. "Kazikwa, kaoza." Maneno yako hayo, barua ninayo.

Vichwa vimetoka vizuri. Sita vimeshauzwa, pesa yake nampelekea Bibi sukari.

Mtoro


Tanga
30 Septemba 2025

Mtoro,

Madaha ninayo, na nimeyalilia kwa siku nyingi, huna haja ya kunikumbusha. Ningekuuliza "mzee gani, wa nini" pasingeharibika kitu. Hilo nalibeba mimi mpaka Desemba nitakapokuja kumpigia Bibi magoti.

Lakini Issa nimemkuta stendi Jumamosi tulipotoka kununua sabuni. Sikumwuliza kwa ubaya. Nikamwambia, "Kaka Issa, ile barua ulichelewa nayo?" Akaapa kwa mama yake. Kasema alikukabidhi Jumanne, mezani kwako, ukaifungua mbele yake, ukaisoma, ukaikunja ukaitia mfukoni. Akakuuliza, "Kuna msiba?" Ukamjibu, "Hapana, mapenzi tu."

Jumanne, Mtoro. Jumanne zilikuwa nzima ngapi?

Tangu utotoni tunatukanana, hiyo ni haki ya mabinamu. Uongo haumo. Niandikie kilichotokea kati ya Jumanne na Ijumaa. Ukinificha nitamwuliza Bibi mwenyewe, na ataniambia.

Sabiha


Dunda
6 Oktoba 2025

Sabiha,

Usimwulize Bibi. Nakwambia mimi.

Nataka ujue kwanza kwamba ukiacha hili, biashara ni nzuri kuliko meza zote za Dunda, na Mdachi mmoja kanipiga picha. Kalamu inaandika hayo yenyewe, nisamehe. Kidonda kikiguswa mdomo wangu huanza kujisifu.

Jumanne walikuwa wameharibika watatu. Nimesema "walikuwa", tazama, bado nawaita watu. Zilikuwa zimeharibika tatu. Kumi na saba zilikuwa nzima kabisa, hazina hata mkunjo. Nilisoma barua yako mara nyingi. Jumanne nikasema nitakwenda kesho. Jumatano nikasema nitakwenda kesho. Alhamisi nikaenda kweli, Sabiha, wallahi nilikwenda kwa nia ya kusema. Noti nimetia kwenye mfuko wa rambo, barua yako mfuko wa shati.

Nafika Kaole, barazani wamo wanawake wanasuka ukili. Bi Mwanahija yumo. Wakaniona tokea mbali. "Gavana huyoo! Mzee wa kaswende hajambo? Umemzika wapi?" Wote wanacheka, wananipisha nafasi nikae katikati. Unajua mimi nimefukuzwa shule mbili, baba yangu hajanipisha nafasi hata kwenye mkeka wa chakula. Pale nilikuwa mtu. Nikacheka nao. Nikasema moyoni, nitamwambia Bibi ndani, peke yake. Kisha nikafikiri, nikimwambia yeye watajua wote kabla ya adhuhuri. Watacheka tena, safari hii watanicheka mimi.

Bibi alikuwa ndani na kofia yake. Akaona ule mfuko, akatoa moja ya zile tatu nilizozitafuna. Akaniambia, "Hivi ndivyo unavyokata? Hata maiti ana heshima yake. Lete." Akatoa mkasi wake wa kofia, ule mdogo asiomruhusu mtu kuugusa.

Alikata yeye, Sabiha. Zote kumi na saba. Anazunguka sikio, anazunguka ndevu, anafuata miwani kama anafuata vito vya kofia. Anaghani kasida kwa sauti ndogo. Katikati akaniuliza, "Issa anasema Sabiha kakuandikia?"

"Ndiyo, Bibi."

"Anasemaje mjukuu wangu?"

Barua iko hapa kifuani, nikipumua inapiga kelele. Nikasema, "Anakusalimu. Anasoma vizuri."

"Alhamdulillahi," akasema, akachukua nyingine.

Angeniuliza tena ningesema. Naamini ningesema. Hakuuliza tena. Yeye mtu akimjibu anamwamini.

Ile ya mwisho ilimpa taabu, macho yalikuwa yamechoka. Karatasi ikawa inamcheza mkononi. Akaniambia, "Mtoro, baba, nishikie hapa isisogee."

Nikamshikia.

Mtoro